Bei ya Florini ya Njoki

Mwezi uliopita walivunja nyumba ya Velji. Mjukuu wangu ndiye aliyeniletea habari, tena katikati ya chakula, kama mtu anayetaja hali ya hewa. Niliacha sahani pale pale, nikavaa viatu, nikatoka mtaa wa Section 58 kwa miguu hadi mjini Nakuru, kwa sababu jambo la kuambiwa huwa siliamini mpaka nilione. Kweli, walikuwa wamefika ukuta wa jikoni. Mabati, matofali, fremu ya dirisha nililolipangusa kila Ijumaa, vyote vilikuwa rundo moja. Kijana mwenye kofia ya plastiki akaniuliza, "Mathe, unatafuta mtu hapa?" Nikamwambia naangalia tu. Alinitazama kwa jicho la kutoniamini, nami nikampenda kwa hilo. Nyumba ile niliishi kwa mwaka mmoja na miezi michache, na nimeishi nyingine kwa miaka thelathini, lakini ukiniambia nieleze nyumba moja nikiwa nimefumba macho, nitakueleza hiyo.

Mwaka wenyewe ulikuwa wa hamsini na tatu, serikali ikiwa imetangaza Hali ya Hatari. Wazazi wangu na nilikotoka tuwaache; inatosha kusema nilikuwa na miaka ishirini, Mluhya, mpishi na yaya wa nyumba ya Velji, nikiwa na barua moja ya sifa kutoka misheni na tabia ya kuhesabu chenji mara mbili. Duka lilikuwa mbele, vyumba vitatu nyuma, na chumba changu cha bati kilikuwa ukivuka ua. Velji alikuwa fundi wa saa. Ukiingia dukani ulisikia saa kama arobaini zikigonga kila moja kwa wakati wake, kwa kuwa zote zilikuwa za wateja na nyingi zilikuwa hazijapona. Juu ya kaunta alikuwa amegongomelea kwa msumari shilingi moja ya bandia, ili kila anayeingia ajue mwenye duka ana macho. Nyama haikuingia katika nyumba ile. Nilipika dengu, wali na chapati nyembamba ambazo mkewe, niliyemwita Memsaab, alizihesabu kabla na baada ya chakula. Huyu Memsaab alikuwa akimtia inzi mzima ndani ya kopo la sukari kisha analifunga. Akirudi akifungua na inzi asiruke, anajua mkono wa mtu umeingia. Wiki ya kwanza nilishikwa. Wiki ya pili nilijifunza kukamata inzi wangu mwenyewe. Ninayasema haya mapema ili ijulikane kwamba hapo hakuna aliyemwamini mwenzake, na kwamba mimi sikuwa nyuma.

Velji alinunua pia sarafu za zamani, si kwa ajili yake bali kwa mzungu mmoja wa upande wa Njoro, daktari wa ng'ombe aliyestaafu ambaye alizikusanya kama wengine wanavyokusanya stempu. Jumapili moja kila mwezi Daktari alikuja na gari lake lililojaa vumbi, wakakaa kwenye meza ya nyuma, Velji akatandika kitambaa cha kijani, nami nikapeleka chai. Walizungumza Kiswahili, kwa kuwa Kiingereza cha Velji kilikuwa cha kuandika risiti tu, na kwa hiyo nilisikia kila kitu. Nilikuwa nikikunja chapati polepole ili nisikie zaidi. Ndipo nilipojua kwamba kuna watu wazima wenye akili zao wanaoweza kubishana saa nzima juu ya shilingi ambayo huwezi kununulia hata kiberiti, kwa sababu duka halipokei.

Kila wiki alikuja mtu dukani na senti kumi ya yule mfalme aliyeacha kiti kabla ya kuvishwa taji. Wote walikuwa na hadithi ile ile: mfalme hakutawala, kwa hiyo pesa yake ni adimu, kwa hiyo wapewe shilingi hamsini. Velji hakubishana. Aliinama chini ya kaunta, akatoa bakuli, akamwaga mbele ya mtu senti kumi za mfalme huyo huyo, labda mia. "Hii iko mingi sana," alisema. "Benki iko na magunia. Wewe unauza hadithi. Mimi sinunui hadithi." Mtu akiondoka amenuna, Velji alinigeukia mimi, kwa kuwa hapakuwa na mwingine wa kumsikiliza, akanipa somo ambalo hadi leo naweza kulisema lote. Uzee si bei, kwani hata mawe ya barabarani ni mazee. Cha kuuliza ni zimebaki ngapi, imeumia kiasi gani, na nani anaitaka leo, si kesho. Ukikosa majibu yote, kuna mizani: sarafu mbaya kabisa ya fedha haishuki chini ya fedha iliyomo ndani yake. Halafu alinyoosha kidole. "Na angalia anayeuza. Kama ana haraka, bei inajua." Niliitikia kwa kichwa kwa adabu, huku nikijiuliza kwa nini Mhindi anamfundisha mpishi wake biashara, na anatarajia kupata nini.

Njoki alikuwa akipiga pasi katika nyumba tatu za mtaa ule, na Jumatano ilikuwa zamu ya kwa Velji. Alikuwa amenizidi miaka kumi hivi, Mkikuyu, mwembamba, mwenye kicheko kikubwa kuliko mwili wake, ingawa mwaka ule kilikuwa kimepungua. Mumewe alikuwa amekamatwa katika msako mmoja asubuhi, na tangu hapo hakupata neno lake. Alibaki na binti mmoja, Wambui. Jumatano moja ya Septemba, baada ya chakula cha mchana, Memsaab akiwa amelala, Njoki aliacha pasi juu ya makaa, akanivuta chumbani kwangu, akafunga mlango. Akatoa kifuani donge la nta ya nyuki, jeusi kwa moshi, akalipasua kwa kucha. Ndani yake mlikuwa na sarafu ya fedha, kubwa kuliko shilingi, ing'aayo kama imetoka kiwandani siku ile. Upande mmoja mfalme amevaa taji, upande wa pili simba na milima nyuma yake. Babu yake alilipwa sarafu hiyo shambani huko Molo, mshahara wake wa kwanza, katika ule muda mfupi kati ya rupia na shilingi, florini ilipokuwa ndiyo pesa. Kabla hajaitumia akasikia kwamba pesa zinabadilishwa tena. Akakasirika, akaifunika kwa nta ya mizinga yake, akaichomeka kwenye dari, akasema hataki kuona tena pesa inayokufa.

"Hii ni ya Wambui," Njoki akasema. "Mtoto amepita mtihani wa darasa la nne. Shule ya bweni ya wamisionari kule Kiambu imemkubali. Karo ni sabini na tano, na inatakiwa siku ya kufungua, Januari. Mimi sina hata kumi."

"Kwa nini usikae nayo mwenyewe?"

"Kwetu wanapekua kila siku, Truphosa. Wanamwaga unga, wanapasua magodoro. Wewe si Mkikuyu, chumba chako hawakitazami sana. Na wewe unakaa na hawa watu wa sarafu, unawasikia. Niuzie kwa bei ya haki. Usikubali ile ya kwanza."

Siku ile ile nilimwonyesha Velji. Alipoiona alivuta pumzi, kisha akajifanya hakuvuta, na mimi nikaona yote mawili. Akaiweka kwenye kitambaa cha kijani, akavaa kile kioo chake cha jicho. Nilipotaka kuigeuza akanipiga kidogo mkononi. "Usishike uso! Shika pembeni tu. Uso ni wa mfalme, pembeni ndiyo yako." Akanieleza kwamba florini zilitengenezwa nyingi, lakini nyingi zikarudishwa na kuyeyushwa, na zilizobaki zimezunguka mikononi mwa watu mpaka mfalme amekuwa na upara. Hii haikuzunguka. Hii ilikuwa imelala. Halafu akasema neno lililoharibu kila kitu. "Mimi nakupa sitini leo, pesa yangu. Lakini ukingoja Daktari arudi kutoka Uingereza mwezi wa Januari, yeye atatoa mia. Tisini yako, kumi yangu. Kama unaogopa kukaa nayo, weka kwa sefu, nakuandikia karatasi."

Nilikuwa napata shilingi arobaini kwa mwezi. Angesema kumi, ningejua ananiibia na roho yangu ingetulia. Lakini mtu ambaye mkewe anafungia inzi ndani ya sukari anawezaje kumtamkia mpishi wake shilingi tisini bila kulazimishwa? Na bei mbili kutoka mdomo mmoja, sitini na tisini, kwa kitu kile kile! Sikuwa na akili ya kuona kwamba sitini ilikuwa bei ya mtu anayenunua bila kujua atamuuzia nani, na tisini ilikuwa bei ya mtu anayemjua mnunuzi kwa jina, na kwamba alikuwa ameniwekea faida yake mezani niione. Niliona mtego tu. Nikachukua florini yangu, nikasema nitafikiri.

Jumapili nilikuwa nakwenda kwa Barasa, mtu wa kwetu, fundi wa baiskeli karibu na nyumba za reli. Mkewe alinikaangia samaki wakavu, nikala mpaka na mifupa, kulipiza wiki nzima ya dengu. Nilimweleza Barasa habari ya sarafu. Aliacha gurudumu alilokuwa akilinyoosha.

"Tisini? Dada, Mhindi akitamka tisini, jua ni mia tisa. Yeye abaki na kumi tu? Ulishaona wapi? Kuna mtu Nairobi aliuza pesa moja ya zamani, moja tu, akanunua lori."

"Ulimwona?"

"Lori?"

"Huyo mtu."

"Nilisikia. Na usithubutu kuiweka kwa sefu. Fundi wa saa yule! Anaweza kutoa utumbo wa saa yako akaweka mwingine, na saa itembee tu. Atabadilisha hiyo florini yako akupe ya upara, utajuaje?"

Lile lori la Nairobi lilikuwa hadithi sawasawa na ya senti kumi ya mfalme asiyetawala, na mimi, niliyefundishwa na mwenyewe mwenye bakuli, sikulitambua. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini. Nadhani ni kwa sababu maneno ya Barasa yalifanana na yale niliyokwisha kuyaamini kabla hajafungua mdomo. Velji alikuwa anashuku sarafu. Mimi nilikuwa nashuku watu, na nilidhani hiyo ndiyo akili.

Mwezi wa Novemba walimchukua Njoki. Haukuwa msako wa siri. Ilikuwa saa tano asubuhi, malori yamepangwa, Wakikuyu wanaorudishwa Kiambu na Murang'a wamekaa juu ya mizigo yao. Nilitumwa sokoni, nikawaona. Wambui alikuwa amekumbatia sanduku la bati ambalo mamake alimnunulia kwa ajili ya shule, jina lake limeandikwa kwa rangi nyeupe. Njoki aliniona, askari akiwa kando yake. Alinitazama tu, akagusa lile sanduku kwa kiganja, nami nikatikisa kichwa kwamba nimeelewa. Desemba ikaja barua, imeandikwa na Wambui mwenyewe kwa mwandiko wa mviringo, mzuri kuliko wangu. Mama anakusalimu sana, ilisema. Shule inafungua Jumanne ya tatu ya Januari, na Mwalimu Mkuu amesema karo isipofika siku hiyo nafasi atapewa mwingine, kwa maana wanaongoja ni wengi. Chini yake aliongeza kwa penseli, nadhani bila mamake kujua: "Nimeshajifunza kutandika kitanda kama cha bweni."

Baada ya barua hiyo niliamua nitakubali tisini, huku nikijiambia kwamba siku yenyewe nitamkaba Daktari atoe zaidi. Kazi ikabaki moja, kuilinda florini mpaka Januari. Nilikuwa nimeizika ndani ya kopo la unga. Jumamosi moja kabla ya Krismasi, Mluhya au si Mluhya, wakapekua vyumba vyote vya watumishi wa mtaa ule. Niliwasikia chumba cha jirani wakimwaga kitu, nikaingiza mkono kwenye unga, nikaitoa, nikaitupa mdomoni. Askari akaingia na kuuliza jina langu. Nilipojibu akaniangalia vibaya. "Una nini mdomoni?" Nikashika shavu nikamwambia jino. Akamwaga unga wangu wote sakafuni, akaukoroga kwa kiatu, akatoka. Nilikaa juu ya kitanda, ladha ya chuma kwenye ulimi, na niliwachukia wote: askari, Velji na sefu yake, Barasa aliyejua siri yangu, hata Njoki aliyenitwika mzigo huu.

Mama yangu aliweka pesa zake kiunoni. Senti kumi zote na senti tano zote za nchi hii zilikuwa na tundu katikati, na wanawake wa kwetu walizitunga kwa uzi wa katani, wakazifunga ndani ya nguo, na mwizi hakuzipata mpaka kwanza akuvue nguo. Kwetu pesa isiyo na tundu ilikuwa ya kutumia haraka, kwa sababu huna pa kuifungia. Kwa hiyo Jumapili nilipeleka florini kwa Barasa. Alichomeka keekee yake, akapaka mafuta, akaniuliza, "Nitoboe wapi?"

"Pembeni kabisa, juu ya taji. Uso usiuguse."

Niliangalia kwa macho yangu yote. Alifanya kazi safi, tundu dogo la mviringo, hakumkwaruza mfalme hata unywele. Barasa akapuliza vumbi la fedha, akacheka. "Sasa imekuwa pesa ya kwetu." Nikaitunga, nikaifunga kiunoni, na kwa wiki nne nililala usingizi ambao sikuwa nimeulala tangu Septemba. Nilijiona mjanja kuliko watu wote wa Nakuru.

Daktari alirudi Jumapili ya pili ya Januari, siku tisa kabla ya shule kufungua. Velji mwenyewe alikuja jikoni kuniita, akitabasamu, jambo lisilo la kawaida yake. Kitambaa cha kijani kilikuwa tayari. Nilijificha nyuma ya mlango nikakata uzi, nikaipangusa kwa leso yangu nikishika pembeni tu, nikaiweka mbele yao. Niliwaangalia wote wawili, nikingoja mmoja amkonyeze mwenzake. Velji alikuwa ameinua kile kioo chake cha jicho, lakini hakukivaa.

"Nani alifanya hii?" Daktari akauliza.

"Mimi. Isipotee."

Akaisukuma kwa kidole kimoja kurudi upande wangu. "Hii sasa shilingi moja. Fedha tu. Hapana zaidi."

Damu ilinipanda. "Senti kumi ina tundu! Senti tano ina tundu! Nyinyi wenyewe mnazinunua!"

"Hizo zilizaliwa na tundu," Velji akasema, taratibu, bila kuniangalia. "Hii imepigwa risasi."

Nilimfuata Daktari hadi kwenye gari, bila haya. Nikamuuliza, mbali na masikio ya Velji, kama isingekuwa na tundu angelipa ngapi. Alitoa bahasha mfukoni, akaifungua, nikaona noti: mia, kamili, kama Velji alivyosema mwezi wa Septemba. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyefiwa. Na bado, nisikufiche, nilisema moyoni kwamba wamepanga. Kesho yake nilikimbia kwa sonara wa barabara nyingine, asiyesemezana na Velji kwa sababu ya ugomvi wao wa zamani. Akaipima kwenye mizani yake midogo. Shilingi moja na kitu. "Pole," akasema. "Ungekuwa hujatoboa ningekwambia umpelekee Velji. Mtu mbaya sana, lakini kwa sarafu hadanganyi." Nilitembea kurudi nikiwa nimeishika florini kiganjani, uso na pembeni, vyovyote vile. Nilikuwa nimeulinda mlango mmoja hadi nikaubomoa ukuta.

Sasa nifike mahali ambapo nimekuwa nikipakwepa. Usiku ule sikuandika kitu. Niliandika asubuhi, nikiwa na akili zangu timamu, chai ikichemka. Nilianza na ukweli. Nikaandika, "Dada Njoki, nimefanya kosa," nikasoma, nikaona jinsi nilivyo mjinga katika maneno hayo, nikachoma karatasi kwenye jiko. Kwenye karatasi ya pili niliandika kwamba nilimpa Velji florini aitunze kwenye sefu, naye akanirudishia nyingine yenye tundu, na nilipolia akasema ndiyo hiyo hiyo. Sikuhangaika kuipamba. Uongo huo ulikuwa umesimama tayari kama nguo iliyoshonwa, nami nikaingia tu. Ndani ya bahasha niliweka shilingi ishirini za akiba yangu. Njoki alinijibu, Wambui akiandika: Mungu akubariki kwa ishirini, wengine wasingetuma hata moja, na yule Mhindi Mungu anamwona. Nafasi ya shule ilikwenda kwa mtoto mwingine. Mwaka ule Wambui alianza kuchuma kahawa, na lile sanduku la bati wakawekea mbegu za maharagwe.

Agosti Njoki alipata kibali cha siku tatu kuja kuchukua vitu vya mumewe. Hakupita kwangu kwanza. Nilikuwa nikipeleka chai dukani nilipomkuta amesimama mbele ya kaunta, amekonda, wateja wawili wamesogea kando. "Wewe Mhindi!" alikuwa akisema. "Wewe umekula shule ya mtoto wangu! Rudisha pesa ya babu yangu!" Hakupiga kelele za kugombana, sauti ilikuwa ya mtu aliyeisema sentensi hiyo miezi mingi peke yake. Velji alivua kioo cha jicho. Alimtazama Njoki, halafu akanitazama mimi, na sinia mikononi mwangu. Alinitazama kwa muda ambao saa zote za duka lile ziligonga. Nilimwona akielewa. Aliona barua, aliona kila neno nililoandika, kama alivyoona tundu lile bila kuvaa kioo.

"Pole sana, mama," akamwambia Njoki. "Truphosa, mpe mgeni chai."

"Siwezi kunywa chai ya mwizi," Njoki akasema. Akanigeukia, akanishika bega mbele ya Velji, machozi yakimtoka. "Ni huyu tu aliyenisaidia katika mji huu. Huyu tu."

Na mimi nikanyamaza. Velji naye akanyamaza. Njoki akatoka.

Nilikaa pale miezi mitano zaidi, hadi nilipoolewa. Kila siku nilingoja anifukuze, au anikate mshahara, au aniambie neno moja tu. Nilihesabu arobaini yangu mara tatu kila mwisho wa mwezi, na zilikuwa arobaini. Watu wa mtaa waliacha kumletea sarafu, kisha wengine wakaacha kumletea hata saa, kwa kuwa habari ya Mhindi aliyemwibia mwanamke Mkikuyu ilikwenda mbali kuliko alivyokwenda Njoki. Nilimshuku hata kwa kule kunyamaza. Nilijiuliza anataka nini kwangu, ananiwekea nini. Nimekaa na swali hilo zaidi ya nusu ya maisha yangu, na nimejaribu majibu yote isipokuwa moja: kwamba hakutaka kitu, ila aliona mama aliyepoteza kila kitu, akaona kwamba nikitajwa mimi atakuwa amepoteza na rafiki.

Velji alihama zamani, na sijui alifia wapi. Njoki alifariki miaka sita iliyopita bila kujua. Wambui yuko Kuresoi, analima viazi, ana wajukuu, na ananiita mama mdogo. Kila Krismasi ananitumia gunia, na akinipigia simu hakosi kunikumbusha zile ishirini. Nilifikiri kumweleza kwa simu, lakini simu ina haraka. Nilifikiri kumwomba mwanawe amsomee, lakini anayemsomea mwingine anaweza kuruka mstari kwa huruma, nami sitaki hata mstari mmoja urukwe. Kwa hiyo nimeandika haya ayasome mwenyewe, kwa herufi kubwa na kwa maneno mepesi, ya kiasi cha mtu aliyeachia shule darasa la nne.